FUNDI WA KIJIJI: Kusawazisha ubao mpana



Ubao mpana ukikauka vibaya hupinda. Mashine nyingi za randa haziupokei. Kwa hiyo mafundi wengine hujiundia mashine ndogo. Kisu chake huzungushwa na mota. Mota nyingine hukisogeza huku na huku juu ya reli mbili.

Reli ndizo kipimo. Zikipotoka, ubao nao utapotoka. Laza fito mbili zilizonyooka juu ya reli, kisha chungulia. Fito zikilingana, reli ziko sawa.

Tia kabari chini ya ubao ili usicheze. Usiubane kwa nguvu hadi unyooke. Ukiufungua utapinda tena. Punguza milimita 1 tu kila safari. Kisha geuza upande wa pili.

Vaa miwani. Zima umeme kabla ya kugusa kisu. Kidole kikikatika hakioti tena.