Mjumbe Hauawi, Hata Akiwa Sensa

“Mashine imeshasema, bosi. Sensa ya oksijeni imekufa.” Kauli hiyo nimeisikia gereji nyingi, na nimeilipia. Gari langu lilikuwa likiwaka vizuri asubuhi. Likishapata moto, sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inashuka, injini inatetemeka, na kwenye foleni linazima. Fundi akachomeka kompyuta, ikatoa namba P0171, akanituma duka la spea. Nikanunua sensa; gari likazima. Nikanunua plagi, kisha pampu ya mafuta. Likazima vilevile.

Imani kwamba kompyuta hutaja kifaa kilichoharibika si ya kweli, na inatufilisi. P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema hewa imezidi kiasi kinachotakiwa kwa petroli iliyomo ndani ya injini. Injini ya petroli huhitaji takribani gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya mafuta. Sensa iliona uwiano huo umevurugika, ikatoa taarifa, kama ilivyotengenezwa ifanye. Wahenga walituambia mjumbe hauawi. Sisi tunamng'oa, tunamtupa, kisha tunanunua mwingine aje kutuletea habari ileile.

Kibovu kilikuwa mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya injini. Kwa nini asubuhi haukujulikana? Injini baridi hupewa petroli ya ziada na huzunguka kwa kasi zaidi, kwa hiyo hewa inayopenya kwa wizi haileti madhara makubwa. Joto likifika nyuzi 90 hivi, kompyuta hupunguza petroli na kushusha sailensa hadi mizunguko 700 hivi kwa dakika. Hapo mlango wa hewa umekaribia kufungwa, na kinachopita kwenye ufa mdogo kinakuwa sehemu kubwa ya hewa yote inayoingia. Ukikanyaga mafuta, gari linatulia. Dalili zote hizo nilikuwa nazo mdomoni. Hakuna aliyeniuliza.

Wapo wanaosema bila kompyuta tungerudi kwenye kubahatisha. Mimi sisemi itupwe. Nasema isomwe hadi mwisho. Ikionyesha maji ya rejeta yana nyuzi 40 wakati injini inaunguza mkono, hapo imekupa ushahidi: inadanganywa kuhusu joto, na inamwaga petroli isiyohitajika. Lakini kimya chake nacho si cheti cha uzima. Krenki sensa, ile inayosoma mzunguko wa injini, inaweza kukata mawasiliano ikipata moto na kurudi kazini ikipoa, mara nyingine bila kuacha namba yoyote. Ukilipeleka gari gereji likiwa limepoa, utaambiwa ni zima. Ugonjwa wa moto hupimwa wakati wa moto: gari liwashwe, liachwe lipate moto kama linavyopata kwenye foleni, na vipimo vichukuliwe pale pale linapoanza kumisi. Presha ya mafuta ipimwe kwa geji. Mfumo wa hewa upuliziwe moshi, uonekane unatokea wapi. Throto, yaani ule mlango wa hewa, isafishwe kabla ya kuhukumiwa.

Mafundi wengi wanayajua haya. Wanaowazuia ni sisi wenye magari. Fundi akitaja gharama ya saa mbili za kutafuta tatizo, tunamwita mwizi. Akitaja spea ya bei mara tano ya hiyo, tunatoa pesa kwa sababu tumepewa kitu cha kushika. Tumemfundisha kuuza vyuma badala ya akili yake, halafu tunalalamika kwamba hafikirii.

Kwa hiyo, ndugu mwenye gari, ukisikia tena kwamba mashine imesema, uliza swali moja kabla ya kufungua pochi: “Umepimaje ukajua ni hicho?” Mwenye jibu mlipe muda wake wote, hata kama mwishoni amebadilisha mpira tu. Asiye na jibu, mwombe apime kwanza. Mimi nimebaki na pampu nzima stoo, niliyoing'oa bila kosa lolote.