Siti Aliandikwa, Nani Atawaandika Akina Mama wa Mkula?

Kila inapotolewa hotuba ya kumsifu Shaaban Robert, mimi husubiri nione kama msemaji atamfikia Siti binti Saad. Aghalabu hamfikii. Ataitaja Kusadikika ya mwaka 1951, ataitaja Adili na Nduguze, atausifu ushairi, kisha atashuka jukwaani kwa makofi. Wasifu wa Siti Binti Saad huachwa nje kama mgeni asiyealikwa, ilhali kwa maoni yangu ndicho kitabu kinachowadai wasomi wa nchi hii deni kubwa kuliko vingine vyote alivyoandika.

Tumtazame kwanza mwandishi mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga. Hakuwa na shahada. Alimaliza shule Dar es Salaam mwaka 1926, akawa karani wa serikali ya kikoloni: forodhani, idara ya wanyamapori, ofisi ya wilaya, upimaji wa ardhi. Katikati ya majalada ya watu wengine aliandika mashairi, insha, riwaya, na hata habari za maisha yake mwenyewe katika Maisha Yangu. Alipofariki Juni 1962, vitabu vyake kadhaa vilikuwa bado havijachapishwa. Mtu mwenye kalamu pana kiasi hicho angeweza kuandika wasifu wa liwali, sultani au gavana, akavuna fadhila. Yeye alimchagua Siti.

Siti alikuwa nani? Mtoto wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa miaka ya 1880 katika ukoo uliopitia utumwa, hata jina lake la utotoni likawa Mtumwa. Alibeba vyungu kichwani kwenda kuviuza mjini. Hakujua kusoma wala kuandika. Alihamia mjini, akafunzwa muziki, akaimba katika majumba ya wakubwa ambamo watu wa asili yake walizoea kuingia kwa mlango wa jikoni. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Wala hakuimba mapenzi peke yake: wimbo wake wa Kijiti ulisimulia mauaji ya mwanamke na muuaji aliyetorokea bara, ukaishtaki sheria iliyomwacha mkosaji ikawashika wengine. Huo ndio ujasiri: kusema hadharani, kwa sauti inayouzwa sokoni, jambo ambalo mahakama imelimaliza kwa namna yake.

Shaaban alionana naye muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1950. Zingatieni hapo, wasomaji wangu. Wasomi wetu wakiulizwa kwa nini hawaandiki maisha ya wanawake wa kawaida, hujibu kwamba hakuna nyaraka. Siti naye hakuacha shajara wala barua alizoziandika kwa mkono wake. Karani wa Tanga hakusubiri nyaraka. Alikwenda, akauliza, akasikiliza, akaandika. Atakayesema kwamba alimsifu kupita kiasi, na kwamba alimgeuza mwimbaji kuwa mwalimu wa maadili, nitamkubalia. Lakini dosari ya aliyeandika hairekebishwi na aliyekaa kimya.

Sasa niwalete Mkula, chini ya milima ya Udzungwa, katika Bonde la Kilombero. Bonde hili limeandikwa sana. Tangu maabara ya Waswisi ilipoanzishwa Ifakara katika miaka ya 1950, mbu wake ameandikwa mbawa kwa mbawa na kuumwa kwa kuumwa. Mpunga wake umeandikwa, miwa imeandikwa, kima wa msituni wameandikwa. Mwanamke aliyepandikiza mpunga huo akiwa amezama magotini majini, huku mtoto mgongoni, huonekana katika ripoti kama tarakimu: kaya namba fulani, umri fulani, idadi ya watoto.

Wapo bado vikongwe walioona reli ya TAZARA ikitandikwa mbele ya mashamba yao katika miaka ya 1970. Wapo waliohamishiwa vijiji vya ujamaa. Wapo waliopanda Udzungwa kuokota kuni, wakaona hifadhi ya taifa ikitangazwa mwaka 1992, wakabakiziwa siku maalumu za kuokota kuni kavu, kisha mwaka 2011 hata ruhusa hiyo ikaondolewa. Mama aliyelazimika siku moja kubuni upya namna ya kuchemsha maji ya uji ana hoja kuhusu dola, mazingira na haki, nayo haimo katika waraka wowote wa sera. Tunapomzika bila kumwandika, tunazika na ushahidi.

Nitaambiwa kwamba kazi hii inafanyika. Inafanyika, lakini na nani? Maisha ya Bibi Titi Mohamed na wenzake wa TANU yalipata kitabu kikubwa mwaka 1997, kwa Kiingereza, kwa kalamu ya Mmarekani, Susan Geiger. Wasifu wa Kiswahili wa Biubwa Amour Zahor, mwanamapinduzi wa Zanzibar, umeandikwa na mwanahabari, Zuhura Yunus. Nawapa heshima zote wawili. Swali ni kwa idara zetu za Kiswahili na historia: mbona mgeni na mwanahabari wamewahi, nasi tungali tunaandaa semina?

Jibu nalijua, na si siri. Makala katika jarida la ng'ambo, itakayosomwa na watu wachache, humsogeza mhadhiri ngazi. Wasifu wa bibi wa Mkula, kwa Kiswahili anachokielewa bibi mwenyewe, huitwa kazi ya burudani. Kwa kipimo hicho Shaaban Robert asingepanda cheo katika chuo kinachomfundisha.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Kwanza, wasifu ulioandikwa kwa Kiswahili, kwa utafiti wa haki, uhesabiwe kuwa kazi ya kitaaluma kamili. Pili, kila mwanafunzi wa fasihi anayerudi likizo katika bonde hili akae na mwanamke mmoja, aandike maisha yake kwa idhini yake na kwa jina lake, kisha amsomee alichokiandika kabla ya kukipeleka chuoni. Daftari na kalamu havihitaji mfadhili. Vinahitaji mtu anayeamini, kama alivyoamini yule karani, kwamba muuza vyungu anastahili kitabu.