MASTAA NA WAHESHIMIWA, KOMPYUTA SIYO POZI LA PICHA!

Kuna mchezo umeshika kasi Bongo, na wanaoucheza wanajijua. Staa akiona jina limepoa, skendo zimeisha na wimbo mpya umegoma kupanda, ghafla anakumbuka kijijini kwao. Anatangaza kwamba ana ndoto kubwa na vijana wa huko. Wiki mbili baadaye yuko shule ya kata, kavaa fulana yenye sura yake mwenyewe, anakata utepe. Kompyuta kumi ziko mezani, zimefungwa riboni kama keki ya harusi. Video inapanda Insta, mashabiki wanamwaga makopakopa. Jioni msafara umeshaondoka na vumbi lake.

Waheshimiwa nao wana staili yao. Wao ni semina ya siku mbili ukumbini. Vijana wamejazana kama dagaa kwenye tenga, laptop tano, mkufunzi katoka mjini na projekta yake. Mmoja anashika mausi, kumi wanachungulia begani. Siku ya pili saa nane mchana vyeti vinagawiwa, vina nembo tatu na sahihi ya bosi. Soda zinanywewa, posho zinasainiwa, ripoti inaandikwa kwamba vijana "wamejengewa uwezo." Uwezo gani? Mtoto wa watu hajui hata kuhifadhi faili akalikuta kesho yake!

Sasa rudi shule ile ile baada ya miezi mitatu, bila kamera. Chumba kina kufuli, ufunguo anao mkuu wa shule, na mkuu yuko kikaoni wilayani. Kompyuta zimefunikwa kitenge zisipate vumbi. LUKU ikiisha ni kuchangishana, sasa mkuu gani atamaliza yuniti kwenye kompyuta kumi wakati bweni halina taa? Zenyewe zilikuja mitumba. Mbili hazikuwaka tangu siku ya utepe, nyingine imekula virusi kutoka kwenye fleshi ya mtu aliyekuja kuchapa mtihani. Mwalimu wa kompyuta hakuna. Aliyekabidhiwa chumba ni mwalimu wa Jiografia ambaye vipindi vyake tu vinamtoa jasho.

Halafu akitokea mtu akahoji, timu ya staa inamshukia: "Chuki zako! Wewe umetoa nini?" Hoja hiyo haina mashiko. Anayetoa pesa yake ana haki ya kushukuriwa, hakuna ubishi. Ila asiite mafunzo kitu ambacho siyo mafunzo. Kompyuta bila mwalimu ni sawa na cherehani bila fundi, inakaa pale pale hadi inaota kutu. Na kijana aliyepewa cheti cha siku mbili kadanganywa mara mbili. Kwanza kaambiwa anajua, pili kaambiwa zamu yake imepita, sasa wafundishwe wengine.

Wapo wanaoona hili ni jambo dogo, la watu wa mjini kutafuta la kusema. Siyo dogo. Maisha ya kijana wa Tanzania siku hizi yanapita kwenye skrini. Anayetaka kazi serikalini anaomba kupitia Ajira Portal, bahasha ya kaki haina kazi tena. Mkopo wa chuo kutoka HESLB unaombwa mtandaoni. Zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo wa NeST, na sheria inataka asilimia 30 ya manunuzi itengwe kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Kwenye makaratasi, kijana wa kijijini kawekewa milango mizuri tu. Lakini funguo anazo nani?

Anazo jamaa wa steshenari.

Kila mtu aliyekulia wilayani anaijua stori hii. Kijana analipa nauli ya bodaboda hadi mjini wilayani, anakaa kwenye benchi, anasubiri zamu. Jamaa anamfungulia akaunti kwa barua pepe aliyoibuni papo hapo. Nywila anaiandika kwenye daftari lake la kaunta. Barua ya maombi ni ile ile aliyomwandikia mteja wa asubuhi, kabadilisha jina na namba ya simu. Kijana analipa, anashukuru, anarudi nyumbani na matumaini.

Siku orodha ya usaili inatoka, jina lake limo! Mama anapiga vigelegele. Anatakiwa kuingia kwenye akaunti yake achukue namba ya usaili. Nywila haipo. Daftari limejaa likatupwa, jamaa mwenyewe kahamia mji mwingine, na namba ya simu iliyosajiliwa ni ya steshenari. Usaili unapita hivi hivi. Nyumbani wanafarijiana, "Ajira za siku hizi ni kujuana tu." Kujuana kupo, nani atakataa? Ila huyu hakuangushwa na kujuana. Kaangushwa na nywila.

Na jamaa wa steshenari asibebeshwe lawama zote. Yeye anatafuta ugali, na pengine ndiye mtu pekee wilaya nzima anayemhudumia kijana yule bila kuomba apigwe picha. Lawama ni kwa wale wanaomwaga mamilioni kwenye utepe na kushindwa kumfundisha kijana vitu vitano: kufungua barua pepe yake mwenyewe, kutunza nywila yake, kuandika barua yake ya kazi, kuskani cheti chake, kuingia kwenye mfumo na kutoka salama. Vitu hivyo havihitaji jumba jipya lenye jina la mtu ukutani. Vingi vinaanzia kwenye simu aliyonayo mfukoni, ile ile anayoangalizia umbea wa mastaa hao hao.

Baada ya hapo ndipo kompyuta inakuja kwa maana. Chama cha ushirika cha mazao kinahitaji mtu wa kuingiza kilo na malipo ya wakulima bila kukosea. Duka la pembejeo linahitaji mtu wa hesabu za stoo. Zahanati, ofisi ya kata, wakala wa mabasi, wote wanahitaji mtu anayechapa bila kutafuta herufi kwa kidole kimoja. Hizo ndizo kazi zilizopo karibu. Kijana akifundishwa miezi sita kwa kuzifanya kwa mikono yake, cheti kitamfuata chenyewe.

Tena pa kufundishia hapajakosekana. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, FDC, vipo 54, na mfumo wake ulianza mwaka 1975, kabla mastaa wengi hawajazaliwa. Vimewekwa kwa ajili ya watu wa vijijini. VETA zipo, na sheria yake ni ya mwaka 1994. Sera ya elimu ya sasa, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali sekondari. Mwenye nia ya kweli apeleke kompyuta zake huko kwenye karakana, walimu na wanafunzi wa kulala. Halafu atafute kijana wa hapo hapo mwenye diploma ya kompyuta anayezurura, amlipe mshahara wa mwaka mzima akae afundishe. Hakuna utepe wa kukata kwenye mshahara wa mwalimu, ndiyo maana hawautaki!

Kwa hiyo staa akishuka tena kwenye gari na kompyuta zake, wanakijiji wasiishie kupiga makofi. Wamuulize maswali matatu mbele ya kamera zake. Mwalimu ni nani na analipwa na nani? Yuniti za umeme atanunua nani mwezi wa pili? Na baada ya miezi sita, ni vijana wangapi wataomba kazi wenyewe bila kupanda bodaboda kwenda steshenari?

Akijibu yote matatu, apigiwe vigelegele hadi asubuhi. Akiishia kucheka-cheka na kuomba selfie, basi yuko kwenye promo ya albamu.

Mdau, za kijijini kwenu ziko wapi sasa hivi, zinatumika au zimelala chini ya kitenge? Funguka kwenye komenti, majina ya watu weka pembeni.