Sataranji Baada ya Alasiri



Ndugu zangu wasomaji, hivi karibuni nilikuwa Nyeri, nyumbani kwa dada yangu. Baridi ya huko haihadithiki kwa mtu wa pwani. Mlima Kenya umejifunika mawingu mchana kutwa, na mgeni hana pa kukaa ila karibu na jiko la makaa. Ndipo mwana wa dada yangu, mwanafunzi wa sekondari, alipoleta ubao. Yeye auita mchezo huo chesi. Sisi tuliupokea kwa jina la Kiarabu, sataranji. Nikamhadithia habari za As-Suli, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 10, aliyekuwa bingwa wa mchezo huo mbele ya makhalifa. Akasema, "Basi tucheze, mjomba."

Tukaanza baada ya Alasiri. Yeye akatoa farasi wake wawili, nami wangu wawili. Katika mwendo wa nne akamtoa farasi mmoja kumla askari wangu wa katikati, hali akijua kuwa askari yule analindwa. Nikamla farasi wake huku nikitabasamu, nikidhani ni pupa ya utoto. Kumbe ni mbinu. Askari wake wakasonga mbele: mmoja akamfukuza farasi wangu wa kwanza, mwingine akamrudisha wa pili hadi alipoanzia. Mabingwa hawaipendi mbinu hiyo, kwani farasi huhesabiwa sawa na askari watatu, naye hupata mmoja tu. Lakini anayeichezewa kwa mara ya kwanza hubabaika. Dawa yake ni kuirudisha kete ile mapema ili upate kupumua. Mimi sikutaka kuirudisha.

Adhana ya Magharibi ikasikika. Kijana akainuka papo hapo, ilhali ushindi u karibu mkononi mwake. "Mjomba, sala." Nikamjibu, "Tangulia, nakuja." Nikabaki nautazama ubao, nikitafuta njia ya kumwokoa mfalme wangu bila ya kupoteza kitu. Nilipofika msikitini, imamu alikuwa ameshatoa salamu. Nikasali peke yangu, mimi niwahimizaye watu jamaa kila Ijumaa.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameuhesabu mchezo huu kuwa makuruhu, na kuwa haramu ukiingiwa na kamari au ukimpitishia mtu wakati wa sala. Madhehebu mengine yameukaza zaidi. Mimi wakati wa sala haukunipita, lakini jamaa ilinipita, na niliona jinsi mpaka ule ulivyo karibu. Kijana alitoa farasi kwa hiari, akauacha na ubao kwa hiari. Mimi nilikishika nilichopewa, kikanishika.

Usiku ule nilimwomba radhi mbele ya mamake. Akainamisha kichwa kwa haya, akasema, "Hapana neno, mjomba."

Enyi wazazi, likizo zinakuja na watoto wataleta michezo yao. Wekeni sharti mbili: pasiwe na dau, na ubao ufunikwe kabla ya adhana. Sharti hizo ziwabane watu wazima kwanza.

Wabillahi tawfiq.