Mwenzako Akinyolewa: Vyuo Vikuu na Msiba wa Jirani

Methali isemayo “mwenzako akinyolewa, wewe tia maji” ni miongoni mwa zile zinazofundishwa mapema shuleni. Mwanafunzi akiulizwa maana yake mtihanini hujibu kwamba mtu ajifunze kutokana na yaliyompata mwenziwe, naye hupewa alama zake zote. Ni nadra aulizwe jambo la pili: huyo anayenyolewa anaambiwa nini? Methali haimtaji tena. Inamwita mwenzako, kisha inamwacha na wembe kichwani.

Hivyo ndivyo jumuiya za vyuo vikuu nchini Kenya zilivyoupokea, kwa kiasi kikubwa, msiba wa Garissa. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, wanamgambo wanne wa al-Shabaab walivamia chuo kilichokuwa wakati huo chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Waliwatenga mateka kwa misingi ya dini, na kabla ya mkasa ule kwisha jioni watu 148 walikuwa wameuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Manusura walisimulia kwamba wauaji walisema nao kwa Kiswahili. Wanaojifunza lugha hii na kuisifu makongamanoni kwa kuwaunganisha watu wa makabila na dini mbalimbali hawakulijadili jambo hilo vya kutosha. Lugha iliyotumiwa kuwaita vijana watoke chini ya vitanda ilikuwa hiyo hiyo wanayoiandikia tasnifu.

Vyuo vingine vilitia maji. Ukaguzi wa vitambulisho ulikazwa, mikoba ikapekuliwa, milango iliyokuwa wazi ikafungwa. Hakuna mwenye akili atakayelaumu tahadhari, maana wazazi walikuwa na haki ya kuuliza watoto wao wanalala wapi na nani anawalinda. Lakini hofu ikiachwa peke yake bila faraja hugeuka kuwa silaha nyingine. Siku kumi tu baada ya Garissa, alfajiri ya tarehe 12 Aprili, mlipuko wa nyaya za umeme katika Kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi uliwafanya wanafunzi waamini kwamba wamevamiwa. Walirukia madirishani. Mmoja alifariki na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Mnamo tarehe 30 Novemba mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore kiliendesha zoezi la usalama lililoigiza shambulio, milio ya risasi ikiwamo. Wengi hawakujua kwamba ni maigizo. Makumi waliumia na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Katika vifo hivyo viwili hapakuwa na adui hata mmoja langoni. Wafu wale waliuawa na Garissa ambayo haikuwahi kuliliwa ikaisha.

Yamkini msomaji atasema kwamba ililiwa. Mishumaa iliwashwa, wanafunzi wakaandamana jijini Nairobi, na mitandaoni ikaenea kaulimbiu kwamba 147 si tarakimu tu. Nia ilikuwa njema, na waliojitahidi kukusanya majina na picha za marehemu walifanya kazi iliyopaswa kufanywa na taasisi. Hata hivyo idadi rasmi ilipofika 148, kaulimbiu ilibaki vile vile. Mtu mmoja alikosa nafasi hata katika sentensi iliyotungwa ili asisahaulike. Chuo cha Virginia Tech nchini Marekani, ambako watu 32 waliuawa tarehe 16 Aprili 2007, kiliitana kesho yake, na mshairi Nikki Giovanni, aliyekuwa mwalimu hapo, akasimama mbele ya umati akasema nao. Baadaye yaliwekwa mawe 32, kila marehemu na jiwe lake. Mfano huo hautajwi kwa kuwa Wamarekani ni walimu wa msiba. Unatajwa kwa sababu idara ya fasihi ilionekana kuwa na kazi siku ile.

Lakini hakuna haja ya kwenda mbali hivyo kutafuta namna ya kufiwa. Kwale inatosha. Katika vijiji vya Wadigo, kuanzia Waa na Tiwi hadi Diani na Msambweni, habari ya kifo huwatoa watu makazini. Vijana hushika majembe kwenda kuchimba kaburi, wanawake huja na unga, kuni na maji, majamvi yakatandikwa. Katika hanga hilo, aliyechelewa kupata habari hufika hata baada ya maziko ili ahani, na hakuna anayemuuliza amechelewa kwa nini. Hitima ikisomwa, jina la marehemu hutajwa. Tena anayekwenda hanga haendi kujifunza jinsi ya kuepuka kufa, bali anakwenda kwa sababu jirani amefiwa. Hapo methali ya wembe haina kazi.

Basi na itazamwe Kwale hiyo hiyo ilipofikwa. Tarehe 10 Oktoba 2017 watu wenye silaha walishambulia msafara wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa katika kaunti hiyo, wakawaua wanawake wawili waliokuwa wafanyakazi wa chuo. Siku ile ile Raila Odinga alitangaza kujiondoa katika uchaguzi wa marudio wa urais, na habari nyingine zote zikazama. Katika mazungumzo ya vyuoni kuhusu usalama hadi leo, Garissa hutajwa kila mara, na Kwale hutajwa kwa nadra mno. Wapo wanafunzi wa Kiswahili wanaokwenda Diani kwa mapumziko, au Msambweni kukusanya data za lahaja, ambao hawajapata kusikia habari hiyo.

Wahenga walisema “kifo cha wengi harusi”, na wafasiri wa methali hii husisitiza kwamba msiba wa wengi una faraja ya kushirikiana. Upande wake wa pili ni mchungu: kifo cha wachache hakina waalikwa. Wawili si 148. Tena hawakuwa wanafunzi, na neno “jumuiya ya chuo kikuu”, linalopendwa sana katika hotuba za mahafali, kwa kawaida huishia kwa wanafunzi na wahadhiri. Mfanyakazi huingizwa humo siku ya kusafishwa ukumbi. Ni dhambi ya kimya, na haiwezi kusingiziwa serikali wala magaidi.

Kuna jambo jingine linalofanya pwani ya kusini isiwe mahali pa kuzungumziwa kwa haraka. Watu wake waliwahi kuona mwaka 1997, katika ghasia za Likoni zilizohusishwa na vijana waliokula kiapo katika Kaya Bombo, jinsi jirani anavyoweza kuchujwa kwa asili yake, mtu wa bara akaambiwa si mwenziwe. Wauaji wa Garissa walichuja kwa dini. Kisha majibu nayo yakachuja. Aprili ile ile ya 2015 mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na Haki Africa, yaliyokuwa yakiwatetea Wapwani waliopotelewa na watoto wao mikononi mwa vyombo vya usalama, yalifungiwa akaunti za benki kwa kutuhumiwa kufadhili ugaidi. Ilifika Novemba ndipo Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru akaunti hizo zifunguliwe. Vyuoni, mwanafunzi mwenye kanzu au buibui alijikuta akitazamwa mara mbili. Wakati huo huo ilibainika kwamba mmoja wa wale wanne alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikaa katika madarasa yale yale, akafanya mitihani yake, akavaa joho. Lango lisingemzuia, maana alikuwa na kitambulisho. Swali la nani alikuwa rafiki yake, nani alimwona akibadilika na kama alikuwapo wa kuambiwa, ni swali la jumuiya, na vyuo vililijibu kwa kununua vifaa vya kupekulia mikoba.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili haviwezi kulinda malango, na havikuundwa kwa ajili hiyo. Vinaweza kudai kwamba matangazo ya usalama, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, yaandikwe pia kwa lugha ambayo mpishi na bawabu watayaelewa mara moja. Vinaweza kwenda kwa manusura na kwa waliofiwa, kwa idhini yao, na kurekodi simulizi kwa subira ile ile inayotumiwa kukusanya ngano na nyimbo za unyago. Fasihi simulizi si ya wazee peke yao. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 2015 sasa ni mtu mzima mwenye familia, na kila mwaka anasahau kitu.

Na vinaweza kuketi jamvini. Tarehe 2 Aprili kila mwaka kuna vyuo vinavyokumbuka Garissa. Majina yale 148 yasomwe yote, hata kama yatachukua nusu saa, na wenye vipindi wasubiri. Kisha ifikapo tarehe 10 Oktoba basi moja la wanafunzi lishuke kivuko cha Likoni, lifuate barabara ya Lungalunga hadi Kwale, kwa wenyeji waliofiwa. Wakiulizwa wametoka wapi na wamefuata nini baada ya miaka yote hii, waseme wamechelewa kupata habari, wamekuja kuhani.