Mtoto akihitaji kisu, tumia akili unayotumia sokoni

Mfanyabiashara wa mpakani hanunui gunia la maharage kwa kuambiwa. Huchoma bambo, hutazama punje kiganjani, huuma moja mbili, kisha huuliza bei ya ng'ambo kabla hajafungua mkoba. Lakini mtu huyo huyo, mtoto wake anapohitaji kupasuliwa, humkubali daktari wa kwanza aliyetajwa na jirani, au hukaa akingoja. Uangalifu wetu hutuacha pale pale tunapouhitaji zaidi.

Mama mmoja anayevusha mchele na vitunguu pale Sirari aliwahi kunisimulia habari za mwanawe wa kiume. Mtoto alipofika miezi mitatu kofia zote zilikuwa zinambana. Wazee nyumbani walisema ni dalili ya akili nyingi. Katika zahanati moja aliambiwa asubiri mtoto akue kidogo. Akasubiri miezi minne. Mtoto alipasuliwa hatimaye, akapona, na leo anatembea. Macho yake lakini hayaoni vizuri. "Ningejua pa kuuliza," alisema, "ningeacha mzigo uoze."

Ugonjwa huo ndio tunaouita kichwa kikubwa, au maji kichwani. Maji yanayouzunguka ubongo hukosa njia ya kutoka, hujaa na kuukandamiza ubongo. Kwa mtoto mchanga mifupa ya kichwa bado haijashikana, hivyo kichwa hutanuka. Utosi huvimba, mishipa ya kichwani hujitokeza, macho huangalia chini kama jua linalozama. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kupaka inayoondoa maji hayo. Dawa ni upasuaji, na kila wiki inayopita inaweza kumpunguzia mtoto uwezo wa kuona, kusema au kujifunza. Utepe wa kupimia kichwa upo kliniki. Mzazi adai kichwa kipimwe kila mwezi na kipimo kiandikwe kwenye kadi.

Baada ya hapo linakuja swali: nani ampasue? Wengi wetu tunadhani kuna majibu mawili tu, hospitali iliyo karibu na nyumbani au India. Tunasahau kilichopo katikati, katika nchi tunazozivuka kila wiki.

Chukua mfano wa Mbale, mashariki mwa Uganda, mji ambao wafanyabiashara wa Busia na Malaba wanaufahamu vizuri. Mwaka 2000 daktari Mmarekani, Benjamin Warf, alihamia huko na familia yake kufanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE. Aligundua kwamba zaidi ya nusu ya watoto aliowatibu walipata ugonjwa huu baada ya maambukizi ya utotoni. Njia iliyozoeleka ilikuwa kuweka mrija chini ya ngozi, unaopeleka maji kutoka kichwani hadi tumboni. Mrija huokoa maisha, ila unaweza kuziba siku yoyote, na mtoto anayeishi mbali na hospitali anaweza kufa njiani. Warf akaanza kutumia kamera nyembamba kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo na kuunguza sehemu ya tishu zinazoyatengeneza, bila kuacha mrija. Mwaka 2017 matokeo ya utafiti uliofanywa Mbale kwa watoto 100 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, maendeleo ya akili ya watoto wa njia hizo mbili hayakutofautiana sana. Madaktari kutoka nchi nyingine walikwenda Mbale kujifunza.

Sisemi kila mtoto apelekwe Mbale. Watoto wa namna hii hupasuliwa pia Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza, na Kijabe nchini Kenya. Ninachosema ni kwamba aliye Sirari ana chaguo zaidi ya moja, na aliye Busia vivyo hivyo. Aulize pande zote mbili za mpaka, kama anavyouliza bei.

Aulize nini? La kwanza, daktari huyu amewapasua watoto wangapi wenye ugonjwa huu huu na umri huu huu kwa mwaka uliopita. Mkono unaofanya kazi moja kila wiki si sawa na unaoifanya mara mbili kwa mwaka. La pili, nani atampa mtoto dawa ya usingizi, na je, amezoea watoto wachanga? La tatu, ni njia gani itatumika, na kwa nini hiyo? La nne, likitokea tatizo usiku wa manane miezi sita baadaye, nimpigie nani simu, na niende wapi? Daktari mzuri hakasiriki kuulizwa. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Najua wapo watakaonipinga, na wana hoja. Watasema hospitali ya karibu ni bora, maana upasuaji ni siku moja lakini uangalizi ni wa miaka. Ni kweli. Mtoto mwenye mrija akianza kutapika, kulia bila kunyamaza au kusinzia kupita kiasi, anatakiwa kuonwa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana swali la nne ni zito kuliko yote. Anayevuka mpaka arudi na barua ya daktari inayoeleza kilichofanyika, na ampeleke mtoto kwa daktari wa nyumbani mapema, kabla tatizo halijatokea. Ikiwa nyumbani hakuna kabisa wa kumpokea, muulize daktari wa ng'ambo waziwazi kama njia isiyo na mrija inamfaa mtoto wako.

Kuna pia maandalizi ambayo hayahitaji udaktari. Wewe huvuka kwa kitambulisho au pasi yako, lakini mtoto mchanga hana kitambulisho cha taifa. Beba cheti chake cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na barua ya rufaa, na uwaulize uhamiaji mapema ni hati gani ya safari anayotakiwa kuwa nayo. Kama mzazi mwenzako anabaki, aandike barua ya ridhaa. Usiku wa kuamkia upasuaji fuata saa za kufunga kama ulivyoelekezwa. Kwa kawaida chakula husimamishwa saa 6 kabla, na maziwa ya mama saa 4 kabla. Usimlishe kwa siri kwa kumhurumia, maana akiwa usingizini chakula kinaweza kurudi na kuingia kwenye mapafu.

Kwa viongozi wetu nina neno moja. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika mwaka 2010. Leo mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 hupata cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani. Jumuiya imekubaliana pia kugawana vituo vya umahiri: figo Kenya, moyo Tanzania, saratani Uganda. Hayo ni mema. Basi mtoto mwenye barua ya rufaa naye atengenezewe utaratibu rahisi kama wa gunia: dirisha moja, fomu moja, siku hiyo hiyo. Na bima ambayo mzazi ameilipia nyumbani iheshimiwe ng'ambo, angalau kwa upasuaji wa watoto usioweza kusubiri.

Hadi hilo litimie, kazi ni yetu wenyewe. Mzigo ukichelewa, tunapoteza faida ya wiki moja. Mtoto akichelewa, hasara ni ya maisha yake yote. Yule mama wa Sirari bado anavusha vitunguu, na kila anapomwona mtoto mwenye kichwa kinachokua haraka, humsimamisha mzazi wake na kumwambia asisubiri. Nasi tufanye kama yeye.