Gari la okazio la mseto: freni kwanza, bei baadaye

Magari ya okazio yanayotumia mafuta pamoja na umeme yanapendwa kwa sababu hayanywi mafuta mengi. Lakini freni zake ni tofauti: mota ndiyo inapunguza mwendo huku ikijaza betri. Betri ikijaa kwenye mteremko mrefu kama wa Ngomo, kazi inabakia kwa plaketi na diski, ambazo pengine zimeshika kutu kwa kutotumika sana.

Mwaka 2010, Toyota iliita zaidi ya magari 400,000 ya mseto, Prius zikiwemo, kurekebisha programu ya ABS. Mnunuzi aulize, kwa namba ya shasi, kama gari lake lilirekebishwa. Fundi alipime kwa kompyuta kabla pesa haijatoka. Na viongozi wakague freni, si karatasi tu. Bei nafuu haisimamishi gari.